Muziki ndani ya ngome: tamasha la wazi la Unguja linavyofanyika, na Kilwa ijifunze nini

Kila mwaka inapokaribia Februari, tukipiga taarab asilia studioni, ujumbe wa simu huongezeka. Wengi wanauliza jina la mwimbaji. Wengine wanauliza kuhusu tamasha la Unguja lenyewe: linafanyika wapi, nani anaruhusiwa kuingia, kiingilio kikoje. Msikilizaji mmoja wa hapa Tingi aliuliza hivi: "Kumbe wanapiga muziki ndani ya Gereza? Mbona na sisi tuna Gereza letu Kisiwani, na halijasikia hata zumari?"

Swali hilo lilitufanya tuandike makala hii. Tumeieleza hatua kwa hatua ili uisome kwenye simu kwa wakati wako, uihifadhi, na umsomee mzee nyumbani asiyeona vizuri maandishi madogo.

Kwa ufupi

- Tamasha kubwa la muziki linalojulikana zaidi kufanyika ndani ya ngome ya kale katika pwani yetu ni Sauti za Busara, Mji Mkongwe, Unguja. Lilianza Februari 2004.
- Jukwaa lake kuu kwa miaka mingi limekuwa Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1698.
- Muziki wote hupigwa laivu. Hakuna kuimba juu ya santuri wala kompyuta.
- Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Lilirudi 2017.
- Kilwa ina majengo makongwe kuliko Ngome Kongwe, lakini hali yake ni dhaifu, na sheria za kuyalinda ni kali.

Tamasha la wazi ni nini?

Ni mkusanyiko wa muziki unaofanyika chini ya anga, bila paa. Jambo hilo si geni kwetu. Ngoma ya unyago, sindimba, beni na maulidi ya uwanjani vyote hufanyika nje. Kinachotofautisha tamasha na ngoma ya kijiji ni mpangilio. Kuna tarehe inayotangazwa mapema, vikundi vingi vinavyopokezana jukwaa moja, vyombo vya sauti, tiketi, walinzi, na watu wanaosafiri kutoka mbali kuja kusikiliza.

Zipo nchi ambazo matamasha ya namna hii hufanyika wakati wa kiangazi kwenye kasri za zamani. Finland, mji wa Savonlinna, kuna ngome iitwayo Olavinlinna, ilianza kujengwa mwaka 1475 juu ya kisiwa kidogo katikati ya ziwa. Mwaka 1912 mwimbaji wa nchi hiyo, Aino Ackté, alianzisha hapo tamasha la opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba badala ya kusema. Tamasha lilikatika miaka mingi, na tangu 1967 limekuwa la kila mwaka. Italia, mji wa Verona, opera hupigwa ndani ya uwanja wa mawe wa zama za Warumi, na desturi hiyo ilianza 1913 kwa mchezo uitwao Aida, kazi ya mtunzi Verdi, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe.

Tumezitaja hizo mbili kwa sababu moja. Majengo yale yalijengwa kwa vita na kwa mapigano, na leo yanalisha watu kwa muziki. Unguja nako mambo yamekwenda njia hiyo hiyo.

Ngome Kongwe: jengo lililobadili kazi mara nyingi

Ukishuka boti Unguja ukatembea kwa miguu kufuata ufukwe hadi Forodhani, utaona kuta ndefu za rangi ya kahawia zenye minara ya mviringo kwenye pembe. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kama magofu yetu ya Kisiwani.

Kabla ya ngome, mahali hapo palikuwa na kanisa dogo la Wareno. Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, nguvu ya Wareno katika pwani yetu ya kaskazini ilivunjika. Waomani wakajenga ngome Unguja juu ya kiwanja cha kanisa lile ili kujikinga wasirudi. Baadaye jengo likawa kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 likatumika kwa shughuli za reli fupi iliyokuwa ikitoka mjini kwenda Bububu. Leo ndani yake mna nyua mbili, maduka ya vitu vya sanaa, na ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia.

Hapa kuna jambo wasikilizaji wengi hawalijui. Neno letu "gereza" linatokana na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Kwa hiyo mtu anaposema "Gereza la Kilwa" hasemi lazima jela. Anataja neno lililoachwa na Wareno, likabaki kwenye majengo, kisha maana yake ikageuka kwa sababu ya kazi zilizofanywa ndani yake.

Muziki wenyewe: je, sisi tuna muziki wa klasiki?

Watu wakisikia "muziki wa klasiki" huwaza fidla za Ulaya. Lakini kila watu wana muziki wao wa kusomea, wenye kanuni, unaochukua miaka kuujua na unaorithishwa kwa mwalimu na mwanafunzi. Kwa pwani ya Waswahili, huo ni taarab asilia.

Masimulizi ya Unguja yanaurudisha mwanzo wake kwa Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Alipendezwa na muziki wa Misri, na inasimuliwa kuwa alimtuma kijana Mohamed Ibrahim kwenda Kairo kujifunza kupiga kanuni. Mwanzo muziki huo uliimbwa kwa Kiarabu, ukasikika ndani ya jumba la sultani tu. Mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa, na kipo hadi leo.

Aliyeutoa muziki huo jumbani ukawa wa watu wote ni mwanamke wa shamba, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba. Aliimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mitaani, za dhuluma na za mapenzi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikasambaa pwani nzima. Alifariki 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu Wasifu wa Siti Binti Saad.

Taarab haikubaki Unguja. Dar es Salaam kulikuwa na Egyptian Musical Club na Al-Watan. Tanga kulikuwa na Black Star na Lucky Star. Wazee wa Kilwa Kivinje na Lindi wenye umri mkubwa wanazikumbuka nyimbo hizo kupitia redio na sahani.

Hivi ndivyo vyombo utakavyoviona jukwaani:

- Udi. Gitaa lenye tumbo kubwa kama nusu ya tikiti na shingo fupi. Aghalabu lina nyuzi 11.
- Kanuni. Sanduku bapa lenye nyuzi zaidi ya 70. Huwekwa mapajani au mezani na kupigwa kwa vidole vilivyovishwa kucha za bandia.
- Fidla. Nyuzi nne, hupigwa kwa upinde. Kikundi kikubwa huwa na fidla kadhaa.
- Nai. Filimbi ya mwanzi.
- Kodiani. Kinanda cha kuvuta na kusukuma.
- Chelo na besi kubwa ya kusimama. Zinatoa sauti nzito ya chini.
- Dumbaki na rika. Ngoma za mkono zinazoshika mwendo.

Vijana wa Unguja hujifunza vyombo hivi katika chuo cha Dhow Countries Music Academy, kinachojulikana kwa kifupi DCMA, kilichoanza 2002. Chuo kama hicho ni muhimu kwa sababu mzee anayejua kupiga kanuni akifariki bila mwanafunzi, ujuzi wake unazikwa naye.

Sauti za Busara linavyofanyika

Tamasha huandaliwa na asasi isiyo ya faida iitwayo Busara Promotions. Kwa kawaida huchukua siku tatu au nne mwezi Februari. Kabla ya kuanza hufanyika maandamano ya ngoma na beni mitaani, bila kiingilio, ili hata asiye na tiketi aone kitu. Usiku, vikundi hupokezana majukwaa.

Taarab asilia ni sehemu moja tu ya tamasha. Utasikia pia ngoma za kienyeji, muziki wa dansi, na wanamuziki kutoka nchi nyingi za Afrika. Sharti ni moja kwa wote: muziki upigwe laivu. Msanii aliyezoea kushika kipaza sauti na kuimba juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa hawezi kupanda jukwaa hilo mpaka awe na bendi.

Sharti hilo limewasaidia wakongwe. Bi Kidude, jina lake kamili Fatuma binti Baraka, aliimba kwenye jukwaa hilo akiwa tayari ni bibi wa umri mkubwa, huku vijana wakimshangilia. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, tuzo ya kimataifa ya muziki wa dunia. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kikundi cha Culture Musical Club nacho kimepata wasikilizaji wengi wa nje kupitia majukwaa ya aina hiyo.

Kuhusu kiingilio, utaratibu ni kwamba Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje. Ngome hiyo hiyo imekuwa pia mwenyeji wa tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1990.

Kwa nini sauti husikika vizuri au vibaya nje?

Sehemu hii itawafaa hata wasioenda Unguja, maana inahusu mikutano, harusi na mahubiri ya hapa kijijini.

Sauti husafiri angani kwa mwendo wa takriban mita 340 kwa sekunde. Ukisimama mita 100 kutoka jukwaani, utaona mkono wa mpiga ngoma umeshuka kwanza, sauti ikufikie karibu theluthi ya sekunde baadaye. Hujakosea kuona.

Nje hakuna paa wala kuta za kurudisha sauti, kwa hiyo sauti hutawanyika. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo. Ndiyo sababu fidla na udi, ambazo sauti yake ni ndogo, haziwezi kusikika uwanjani bila vipaza sauti. Ngoma kubwa na zumari zinaweza, na ndiyo maana babu zetu walizichagua kwa shughuli za uwanjani, udi ukabaki kwa shughuli za barazani.

Ngome ina faida hapo. Kuta zake ndefu huzuia upepo na hubakiza sauti ndani ya ua. Lakini zina hasara pia, kwani ukifungulia spika kwa nguvu sana, sauti hugonga ukuta na kurudi kama mwangwi, maneno ya mwimbaji yakavurugika. Fundi mzuri huelekeza spika kwa watu, si kwa ukuta.

Upepo nao una kazi yake. Sauti inayokwenda na upepo hupindishwa chini kuelekea masikio ya watu. Inayokwenda dhidi ya upepo hupindishwa juu, ikawapita. Nilijifunza hilo kwa aibu. Mwaka mmoja tulifunga spika kwenye mkutano wa hadhara pwani, kusi inavuma, tukazielekeza baharini kwa sababu kivuli cha kukalia kilikuwa upande huo. Mgeni rasmi alizungumza nusu saa. Waliokaa nyuma hawakusikia neno, wakaondoka mmoja mmoja. Waliomsikia vizuri ni watu wa nyuma ya jukwaa ambao hawakualikwa.

Usiku hewa ya chini hupoa kuliko ya juu, na hali hiyo nayo hupindisha sauti kurudi chini. Hiyo ndiyo sababu ngoma ya kijiji cha pili, ambayo mchana huisikii, usiku wa manane unaisikia kama ipo uani kwako.

Unyevu wa bahari husumbua vyombo. Ngozi ya ngoma hulegea, na wapigaji huikaza kwa kuiota moto. Nyuzi za kanuni hupoteza sauti yake, na mpigaji hulazimika kuzirekebisha tena kabla ya kila wimbo. Ukiona kikundi cha taarab kinachukua dakika kumi kabla ya kuanza, usiwazomee. Wanapatanisha nyuzi na hewa ya usiku.

Fedha: sehemu ngumu

Mwaka 2015 waandaaji walitangaza kuwa tamasha la Februari 2016 halitakuwepo. Fedha hazikutosha. Mashabiki wengi walidhani tamasha lenye wageni wengi namna ile linajilipa kwa tiketi. Halijilipi. Tiketi hugharimia sehemu tu. Nauli za wasanii, malazi, jukwaa, taa, jenereta na mishahara vinategemea wafadhili na balozi. Mfadhili mkubwa akiondoka, pengo halizibwi kwa viingilio.

Tamasha lilirudi 2017, lakini mwaka ule uliokosekana uliwagusa watu ambao hawajawahi kupanda jukwaani: wenye nyumba za wageni, wapishi wa Forodhani, madereva wa teksi, mama wanaouza urojo, vijana wanaobeba mizigo bandarini. Kwa hiyo mtu akikuambia tamasha ni anasa ya wazungu, mwambie amuulize muuza urojo.

Upande wa pili nao usemwe. Wapo wakazi wa Mji Mkongwe wanaolalamika kuhusu kelele za usiku, mavazi ya baadhi ya wageni, na pombe karibu na misikiti. Hoja hizo ni za kweli kwa mji wa Waislamu walio wengi, na tamasha lolote linalotaka kudumu lazima liwasikilize. Kalenda pia ina uzito wake. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, hivyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka. Mwaka 2026 iliangukia Februari hiyo hiyo. Mwandaaji asiyeangalia mwezi atajikuta anapiga ngoma wakati watu wanafuturu.

Majengo ya kale yana mwisho wake

Jirani kabisa na Ngome Kongwe lipo jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati likifanyiwa ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakafa. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, lakini kuwa kwenye orodha hakuzuii ukuta kuanguka.

Tunalitaja hili kwa sababu linatuhusu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha hiyo mapema zaidi, mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya uchakavu. Baada ya kazi ya miaka kadhaa ya kuyaimarisha, yaliondolewa kwenye orodha ya hatari mwaka 2014.

Je, Kilwa inaweza?

Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyeuliza habari za zumari.

Kwanza, historia tunayo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaukuta mji uliostawi. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina nyua pana na bwawa la pembe nane lililojengwa zaidi ya miaka 300 kabla ya Ngome Kongwe. Wareno walifika Julai 1505 wakajenga ngome, wakaiacha 1512. Gereza tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, la karibu mwaka 1800.

Pili, Gereza limesimama ukingoni mwa bahari, na mmomonyoko wa ufukwe ndio adui yake mkubwa. Kuta za matumbawe na chokaa hazipendi mtikisiko wa spika kubwa, na hazipendi watu mia wakizipanda wapate kuona vizuri. Kupiga muziki ndani yake kama Unguja wanavyofanya si jambo la kujaribu. Ngome Kongwe ina kuta zilizotunzwa na matumizi ya kila siku, na letu ni gofu.

Tatu, sheria ipo. Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na yapo chini ya usimamizi wa TAWA. Hakuna kikundi kinachoweza kufunga jukwaa pale bila kibali. Vikundi vya sanaa navyo vinatakiwa kujisajili BASATA, na pa kuanzia ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri.

Kinachowezekana ni muziki mbele ya magofu, si ndani yake. Jukwaa likae upande wa Kilwa Masoko au kwenye uwanja wa kijiji cha Kisiwani, mbali na kuta. Wageni wayatembelee magofu mchana kwa makundi madogo wakiwa na mwongozaji, na ngoma ianze jioni. Kilwa Kivinje nako, penye boma la Wajerumani na nyumba za zamani, pana nafasi za wazi ambazo mashua hazihitajiki kuzifikia.

Nne, msimu. Februari ya Unguja haitufai. Kwetu Februari mvua ipo, watu wako shambani wanapalilia. Mkulima wa ufuta anavuna kuanzia Mei, minada inafanyika katikati ya mwaka, na korosho zinaanza kuokotwa kuelekea Oktoba. Miezi ya Juni na Julai kuna pesa mkononi lakini kusi ni kali, kivuko cha mashua kwenda Kisiwani kinachafuka. Septemba upepo umepungua, njia ni kavu, ufuta umeshalipwa na korosho bado. Ukituuliza sisi, huo ndio mwezi.

Tano, muziki wetu ni upi? Tusiige taarab ya Unguja kwa sababu tu ndiyo inayojulikana. Kusini kuna ngoma za Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na Wamakonde. Kuna beni, kuna maulidi, kuna kasida. Wazee wanaozijua nyimbo ndefu za ngoma hizo wanapungua kila mwaka, na wengi hawajawahi kurekodiwa hata kwa simu. Tamasha linaweza kungoja fedha miaka mitano, lakini mzee wa miaka 85 hatangoja.

Ukipanga kwenda Unguja

- Weka akiba mapema. Gharama kubwa ni basi la kwenda Dar es Salaam, boti, na malazi. Vyumba Mji Mkongwe hupanda bei siku za tamasha, kwa hiyo uliza ndugu au jamaa wa Ng'ambo.
- Chukua kitambulisho chako cha Taifa. Utakihitaji kwenye boti na kuthibitisha bei ya Mtanzania.
- Vaa nguo za heshima. Mji una misikiti kila mtaa.
- Beba kitu cha kukalia na shuka nyepesi. Mawe ya ngome ni magumu, na usiku wa baharini una umande.
- Usipige picha ya msanii mzee chumbani kwake bila kumwomba. Mtu ni mtu kabla ya kuwa msanii.

Maswali mnayotuuliza

*Je, mtoto anaweza kuingia?* Usiku ni mrefu na sauti ni kubwa. Kama una mtoto mdogo, mpeleke kwenye maandamano ya mitaani.

*Je, kikundi chetu cha ngoma kinaweza kualikwa?* Vikundi huomba mapema na kutuma rekodi yao wakipiga laivu. Rekodi ya simu inatosha kuanzia, mradi sauti isikike. Simamisha simu mita tatu au nne kutoka kwa wapigaji, upepo ukiwa nyuma yako, na usiongee wakati inarekodi.

*Kwa nini redio isirekodi ngoma zetu?* Swali hili lina haki, na jibu letu ni kwamba tunapaswa. Kama kijijini kwako kuna mzee au bibi anayejua nyimbo za zamani na yuko tayari, zungumza naye kwanza, umwombe ruhusa, kisha utuambie kwa namba ya studio unayoisikia hewani. Tutakuja na kinasa sauti. Nyimbo zitabaki mali yake na ya watu wake, nakala moja ataachiwa yeye, na tutataja jina lake tukizipiga.

Ndugu yetu wa Tingi, zumari la Kisiwani hatuwezi kukuahidi. Ila kama unamjua anayelipiga, tuelekeze nyumba.